Kompyuta Isiyovuka Mwezi wa Saba

Kuna watu huzaliwa na wasiwasi kama wengine wanavyozaliwa na baka mgongoni, na mwalimu huyu wa ukunga alikuwa mmoja wao. Alikuwa mtu wa kufunga mlango, akafika kwenye ngazi, akarudi kuusukuma aone kama kweli umefungwa, kisha akashuka na kusimama chini akijiuliza kama aliusukuma au alidhani tu ameusukuma. Jiko la gesi alilizima mara mbili. Wanafunzi wake walimwita Mama Nyonga, si kwa sababu ya mwendo, maana alikuwa mwembamba kama mpini wa fagio, bali kwa sababu hakuna siku aliyoingia darasani bila kulitaja neno hilo. Jina alilijua. Alijifanya halijui, nao wakajifanya hawajui kwamba analijua, na mambo yakaenda.

Lakini wasiwasi mkubwa kuliko mwingine wowote ulikuwa umewekwa juu ya meza, mwisho wa korido ya ghorofa ya kwanza, kwenye chumba chenye kitasa kibovu. Ilikuwa kompyuta kuukuu ambayo enzi zake ilikuwa nyeupe. Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya kusaini daftari la mahudhurio, mwalimu alipanda kwenda kuiwasha. Aliweka kidole kwenye swichi, akafumba macho, akabonyeza. Feni ikikohoa kidogo, ikanguruma, skrini ikapata mwanga, ndipo naye alipovuta pumzi.

Ndani ya kompyuta hiyo ndimo ilimokuwa nyonga yake. Chuo kilikuwa na nyonga ya plastiki pia, yenye ufa, iliyofungwa kwa mpira wa glavu, lakini hiyo ya kwenye kompyuta ilikuwa kitu kingine. Ulifungua kivinjari, na katikati ya ukurasa akatokea mama wa pande tatu. Ukimshika kwa kipanya, unamzungusha: ubavuni, mgongoni, kwa chini kama mkunga anavyomwona. Ukibonyeza mara moja, ngozi inatoweka na mifupa inabaki. Ukibonyeza tena, anaonekana mtoto, kidevu kifuani, kichwa kinashuka kidogo kidogo kikitafuta njia. Wanafunzi waliokariri kitabu miezi mitatu bila kuelewa walikuja kuelewa hapo, kwa dakika kumi, midomo wazi.

Na palikuwa na mtihani. Kompyuta ilimficha mtoto, ikakuonyesha tu kile ambacho kidole cha mkunga kingekigusa: kipande cha utosi, mstari wa mshono wa fuvu. Kutokana na hicho ilibidi useme kisogo kimeelekea wapi. Watoto kumi, majibu kumi. Ukimaliza, unaruhusiwa kuuzungusha mwili na kujionea kama ulimpata au ulimkosa. Mwalimu alikuwa akisema, "Hapa ukikosea, unabonyeza kitufe unaanza upya. Wodini hakuna kitufe." Alisema hivyo kila mwaka, na kila mwaka sauti ilimkauka akifika kwenye neno wodini.

Shida ilianza miaka miwili na ushee iliyopita. Ukurasa ukaanza kuonyesha utepe wa njano juu, wenye maneno kwamba huduma itasitishwa. Mwalimu alipouona mara ya kwanza aliusoma mara tatu. Alimpigia simu shemeji yake, aliyekuwa mume wa mdogo wake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda cha vioo karibu na stendi. Shemeji akaja na begi lake la bisibisi, akakaa, akatazama, akajikuna kidevu.

"Shemeji, nieleze kama mtu asiyejua kitu," mwalimu akasema.

"Sikiliza. Zamani kivinjari kilikuwa hakijui kuchora vitu vya pande tatu. Kilijua maandishi na picha za kubandika, basi. Ukitaka kitu kinachozunguka, unaita fundi wa nje. Anakuja, anakaa ndani ya kivinjari, anakuchorea. Huyo fundi ndiye plagini."

"Sawa."

"Sasa mafundi wa nje wana mambo yao. Anakuja kuchora, anaacha mlango wazi, wezi wanaingia nyuma yake. Wenye vivinjari wakachoka. Wakavifundisha vivinjari kuchora vyenyewe, mafundi wakafukuzwa. Hii nyonga yako ukiifungua kwenye kivinjari cha leo, unapata kiboksi cha kijivu, mchezo umekwisha."

"Si tubaki na hiki cha zamani?"

"Tutabaki nacho. Ila na fundi mwenyewe wamempangia siku ya kufa. Ikifika tarehe hiyo anagoma, hata ndani ya kivinjari cha zamani."

Mwalimu alikaa chini. Alikwisha kumwandikia barua pepe mtu aliyeitengeneza nyonga ile, na barua ikarudi ikisema anwani haipo. Shemeji alikwisha kujaribu kuinakili kwenye mashine nyingine, ikakataa. Ilikuwa imefungwa kwa mashine hiyo hiyo, mke mmoja mume mmoja. Ilibaki njia moja, nayo shemeji aliisema kwa sauti ya chini kana kwamba kompyuta inasikia.

"Tuidanganye saa. Turudishe tarehe nyuma, plagini idhani siku yake haijafika. Lakini isiguse mtandao hata dakika moja, maana mtandao utairekebisha saa. Na ikishaiona tarehe ya kweli mara moja tu, inajiandikia. Hata ukirudisha saa, haidanganyiki tena."

"Fanya hivyo."

"Niweke mwaka gani?"

Mwalimu akataja mwaka. Hakufikiri, ulimtoka tu. Shemeji alitulia, vidole juu ya vitufe, kisha akauandika bila kuuliza. Waliujua mwaka huo wote wawili. Mwezi wa nane wa mwaka huo, mdogo wake mwalimu, mke wa shemeji, alikufa akijifungua. Mtoto alikuwa amelala uso juu, kisogo kikibana uti wa mgongo wa mama yake, na hakuna aliyeligundua hilo hadi mambo yalipoharibika. Mtoto alitolewa mzima. Sasa ni msichana wa miaka kumi na moja, anamwita mwalimu Mama Mkubwa.

Hilo watu wote walilijua. Kulikuwa na lingine ambalo mwalimu hakuwahi kumwambia mtu. Siku ile, mchana, mdogo wake alimpigia simu. Alisema uchungu umeanza lakini anausikia mgongoni tu, mgongoni peke yake. Mwalimu alikuwa katikati ya kipindi, chaki mkononi. Akamwambia, "Uzazi wa kwanza huchelewa. Tembeatembea, kunywa maji, jioni uende hospitali. Tulia." Uchungu wa mgongo peke yake! Leo hakuna mwanafunzi anayetoka mikononi mwake bila kuijua dalili hiyo. Wengine huiandika hata kwenye jalada la daftari, kwa sababu akiitaja huipigia meza.

Basi kompyuta ikaishi mwaka ule. Tundu la waya wa mtandao mwalimu aliliziba kwa pamba na plasta ya vidonda, akaandika juu kwa kalamu nyekundu: USIGUSE. Saa ya mashine ikatembea, mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ilipofika tarehe thelathini ya mwezi wa saba, mwalimu aliirudisha mwezi wa kwanza. Alijiambia ni kwa usalama. Usalama wa nini, hakujiuliza.

Karatasi za mtihani zilimpa kazi kidogo, kwa kuwa programu ilichapa tarehe yake ya uongo chini kabisa, kwa herufi ndogo. Mwalimu alichukua mkasi wa bandeji akaikata, akagonga muhuri wa chuo wenye tarehe ya kweli. Vipande alivyokata hakuvitupa, aliogopa mtu angeviokota kwenye pipa. Alivitia kwenye droo na kuifunga kwa ufunguo, akazidi kuwa na kitu cha kuogopa. Mkuu wa chuo hakuambiwa lolote. Mkuu alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya, na angeisikia habari ya saa ya uongo angeamuru lile dude litupwe siku hiyo hiyo.

Mwaka huu Baraza linalotoa leseni za wakunga likabadilisha utaratibu. Halikutaka tena karatasi, lilitaka mafaili yenyewe, kwenye flashi. Mwalimu hakulala vizuri wiki nzima. Aliogopa virusi. Alinunua flashi mpya, akaipeleka kwa shemeji ikakaguliwa, akairudisha ikakaguliwa tena, akaibeba kwenye mfuko wa plastiki wa kuwekea sampuli za maabara. Akanakili mafaili ya mtihani na ya mazoezi ya wanafunzi wake kumi na tisa, akayahesabu mara nne, akayakabidhi kwa karani na kumshukuru Mungu. Wazo kwamba ndani ya kila faili mlikuwa na tarehe, ile ile aliyokuwa akiikata kwa mkasi, halikumpitia kichwani kabisa. Mtu aliyekodolea macho mlango wa mbele, mwizi humwingilia uani.

Miezi miwili baadaye, kwenye mwezi wa tisa, simu ililia wakati anakunywa chai. Alikuwa binti mmoja kati ya wale kumi na tisa, wa kiti cha mbele, namba saba kwenye orodha, aliyekwisha kupangiwa kituo cha afya na kushonewa sare.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Vipi sauti hiyo?"

"Mwalimu, wamenizuia. Wanasema jina langu halitoki. Nimewauliza wenzangu, wote hivyo hivyo. Sote kumi na tisa. Wanasema mtihani wetu wa vitendo una walakini."

"Walakini gani?"

"Hawajasema. Mwalimu, mimi nilipata tisa kwa kumi, si unakumbuka? Tukirudia mwaka baba hatanilipia, ameshasema."

Mwalimu alimwambia binti atulie, kisha akajisikia akisema neno hilo, *tulia*, na mwili ukamsisimka kwa baridi, kwa sababu ndilo alilomwambia mdogo wake kabla ya kukata simu.

Alasiri mkuu wa chuo akamwita. Mkaguzi wa Baraza angekuja keshokutwa. Baraza lingekaa Ijumaa, na Ijumaa ama majina yatoke, ama mtihani ufutwe na watoto warudie mwaka. Mwalimu alisimama mbele ya meza ya mkuu akakiri habari ya saa, maneno yakimtoka kwa mafungu. Mkuu alimsikiliza huku akifuta miwani, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kwa hiyo umekuwa ukidanganya tarehe miaka miwili ndani ya chuo changu."

"Niliidanganya mashine, Mkuu. Alama ni za kweli."

"Nani atajua?" Akavaa miwani. "Tutasema betri ya saa ilikufa. Betri ikifa saa hurudi nyuma yenyewe, hata ya nyumbani kwangu ilifanya hivyo. Wewe nyamaza, mimi nitaongea."

Alitoka ofisini na faraja ya nusu saa, kisha faraja ikaoza. Usiku ule na mchana wa kesho yake aliupima uongo huo kila upande. Ulikuwa uongo mzuri, hilo hakuna ubishi. Ungewaokoa watoto na nyonga ingebaki. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yeye hakuwahi kujua kudanganya kitu chenye macho. Akampigia shemeji aje siku ya ukaguzi, walau awepo mtu anayejua bisibisi.

Mkaguzi alikuwa mtu mfupi, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alizungumza taratibu kama anayehesabu vidonge. Upole wake ndio uliomtisha mwalimu. Mtu anayefoka unajua amefika wapi. Waliingia wanne kwenye chumba cha mwisho wa korido: mkaguzi, mkuu, shemeji na mwalimu, na kwa kuwa viti vilikuwa viwili, wenyeji wakasimama. Kompyuta ilikuwa imewashwa. Pembeni ya skrini ilisomeka tarehe ishirini na nne, mwezi wa saba, mwaka wa msiba.

"Mimi nina swali dogo tu, Mwalimu," mkaguzi akasema na kufungua jalada. "Huyu mwanafunzi wako namba saba. Faili linasema alifanya mtihani tarehe kumi na tisa mwezi wa tano, miaka kumi na moja iliyopita. Nikatazama cheti chake cha shule ya msingi. Wakati huo alikuwa darasa la tano. Mlikuwa mnamfundisha ukunga wakati wa mapumziko, au?"

Mkuu akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akaacha. "Ni betri, Mkaguzi. Unajua mashine hizi za zamani. Betri ya saa ilikufa, tarehe ikarudi nyuma. Tumeshaagiza nyingine."

"Betri nazijua," mkaguzi akasema bila kuinua sauti. "Betri ikifa, saa inarudi tarehe ile ile kila mashine ikizimwa. Jana, leo, kesho, tarehe moja. Hii yenu haifanyi hivyo. Mmeniletea na mafaili ya mazoezi, nimeyapanga yote. Saa inatembea vizuri kabisa miezi saba. Ikifika tarehe thelathini ya mwezi wa saba, inarudi mwezi wa kwanza. Mara ya kwanza nikasema ni bahati. Imefanya mara tatu. Hakuna zoezi hata moja la mwezi wa nane. Sijawahi kuona betri yenye akili hiyo."

Mkuu alitazama dirishani kana kwamba ameona ndege wa ajabu. Mwalimu alihisi jasho likimtiririka ndani ya mikono ya koti lake jeupe. Kwa miaka ishirini alikuwa akiwaambia kina mama wanaoona haya wodini, na wanafunzi wanaoona haya kuuliza: mficha uchi hazai. Alikuwa akiwaambia wengine.

"Si betri," akasema. "Ni mimi."

Akaeleza. Alianza ovyo, akarudi nyuma, akaeleza tena: utepe wa njano, fundi wa nje anayeitwa plagini, siku yake ya kufa, pamba na plasta. Akafungua droo, akatoa vile vipande vya karatasi alivyokata kwa mkasi, konzi mbili, akavimwaga mezani. Mkaguzi aliokota kimoja akakisoma, akaokota kingine.

"Nimeelewa kwa nini ulirudisha saa," akasema. "Lakini plagini imekufa juzi juzi tu. Ingetosha kurudi miaka mitatu. Kwa nini mwaka huo? Na kwa nini hutaki ufike mwezi wa nane?"

Mwalimu alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa akitazama bisibisi mkononi mwake.

"Mwezi wa nane wa mwaka huo mdogo wangu alikufa akijifungua," mwalimu akasema. "Alikuwa mke wa huyu bwana. Nilipoulizwa mwaka, ndio ulionijia. Na mwezi ulipokaribia nilishindwa kuuacha ufike. Sina sababu ya kitaalamu, Mkaguzi. Nilishindwa tu."

Mkaguzi alifunga kalamu yake, akaifungua tena. "Pole," akasema, na ilikuwa pole ya kweli. "Mimi binafsi nakuamini. Lakini nikirudi Baraza na hadithi, wataniuliza ushahidi uko wapi. Maneno matupu hayavunji mfupa. Daftari la mahudhurio wataniambia liliandikwa lote siku moja. Je, hii mashine ikiona tarehe ya leo, itagoma kweli?"

"Itagoma," shemeji akajibu, "na haitafunguka tena maisha. Hata ukirudisha saa."

"Basi huo ndio ushahidi. Igome mbele yangu, niipige picha, turudishe saa tuone kama imegoma moja kwa moja. Hapo nitaandika kwamba maelezo yamethibitishwa, na Ijumaa majina yatatoka. Sikulazimishi, Mwalimu."

"Nikikataa?"

"Nitaandika nilichokikuta. Tarehe si za kweli, sababu haikuthibitishwa."

Mwalimu alijua maana yake. Ilikuwa ni watoto kumi na tisa kurudi nyumbani na sare zao. Upande wa pili kulikuwa na wale wa mwakani, na wa mwaka ule mwingine, watakaokariri kitabu bila kuelewa, na mmoja wao siku moja atapokea simu ya mwanamke mwenye uchungu wa mgongo. Alitamani mtu mwingine aje aamue, naye akaangalie kama mlango wa nyumbani umefungwa.

Akavuta kiti, akakaa. "Niacheni niizungushe mara moja."

Akafungua kivinjari. Mama wa pande tatu akatokea, akamvua ngozi, akachagua somo la mtoto aliyelala uso juu. Akalizungusha polepole. Kidevu kikainama kifuani. Kisogo kikaanza safari yake ndefu, nusu duara nzima, kikitoka uti wa mgongo kuja mbele, milimita kwa milimita, kikapita chini ya mfupa wa mbele, kichwa kikatoka. Mkaguzi alikuwa ameinama hadi tai yake ikagusa vitufe.

"Kumbe inawezekana akazunguka," akasema.

"Wengi huzunguka, wakisubiriwa vizuri na kuangaliwa," mwalimu akasema. "Wasiozunguka ndio wa kukimbiza hospitali mapema. Unatakiwa tu ujue mapema."

Akafunga somo. Akafungua sehemu ya saa. Kwanza mwezi: akabonyeza mara moja, ukatokea wa nane. Kidole kikasimama. Nyuma yake alisikia shemeji akipumua kwa pua. Akabonyeza tena, wa tisa. Kisha akaanza miaka, mmoja mmoja, kwa kuwa mashine ile haikujua kuruka. Mwaka wa kwanza, mtoto wa mdogo wake alikuwa anatambaa. Wa tano, alivunja jino la mbele kwenye ngazi za shule. Wa saba, alilazwa kwa homa na mwalimu hakutoka pembeni ya kitanda siku tatu. Akafika mwaka huu, akaweka tarehe ya leo, akabonyeza sawa.

Kivinjari kikafunguka. Katikati ya ukurasa, mahali pa mama, palikuwa na kiboksi cha kijivu.

Mkaguzi akapiga picha. Shemeji akairudisha saa nyuma kama alivyoagizwa, wakafungua upya, kiboksi kikabaki pale pale. Mkaguzi akapiga picha nyingine, akaandika mistari sita, akaisoma kwa sauti ili wote wasikie, akasaini. Alimwambia mwalimu kwamba barua ya onyo haitaepukika, na kwamba wanafunzi wake anaweza kuwapigia simu jioni hii. Mkuu akamsindikiza mkaguzi hadi getini, akiongea njia nzima juu ya mpango wake wa kununua kompyuta mpya.

Mwalimu aling'oa plasta na pamba kwenye tundu la mtandao, maana havikuwa tena na kazi. Akazima mashine. Akafunga mlango, akafika kwenye ngazi, akarudi kuusukuma. Shemeji alimsubiri, alikwisha kumzoea. Walishuka hadi katikati ya ngazi, ndipo mwalimu aliposhika reli akasimama.

"Shemeji, kuna kitu sijawahi kukwambia. Siku ile alinipigia simu. Mchana. Aliniambia anasikia mgongoni tu, na mimi nikamwambia atulie, aende jioni. Nilikuwa nafundisha. Ningesikiliza vizuri ningejua." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Miaka yote hii nakula kwako Jumapili, na sikusema."

Shemeji aliliweka begi la bisibisi chini.

"Saa sita na dakika ishirini," akasema. "Simu yake nilikabidhiwa mimi, shemeji. Namba yako ndiyo ilikuwa ya mwisho. Mliongea dakika nne."

"Ulijua?"

"Tangu siku ya mazishi."

"Na hukuniuliza?"

"Nilikasirika mwaka mzima. Sikukuuliza kwa sababu ya hasira. Halafu hasira ikaisha, nikaona aibu kuuliza." Akaokota begi. "Baadaye nikawa nafikiri, walau kabla ya yote alisikia sauti ya dada yake, si sauti ya mtu baki. Twende. Mtoto amesema leo uje, anapika yeye. Nimemwacha ameshabandika maji."

Mwalimu aligeuka. "Umemwacha peke yake na gesi?"

"Ana miaka kumi na moja, shemeji."

"Kile kitufe cha kushoto si kinalegea? Si nilikwambia kinalegea?" Alikuwa ameshaanza kushuka, ngazi mbili mbili, akijifuta uso kwa mkono wa koti, na shemeji akamfuata nyuma akimwambia aangalie asianguke.